TUJUE KUTAFUTA UKOO WETU

Ukikuta jina Kazungu Charo kwenye karatasi ya zamani, je, huyo ni babu au ni mjukuu? Sisi Wagiriama humpa kifungua mimba wa kiume jina la babu mzaa baba. Basi Charo anamzaa Kazungu, Kazungu anamzaa Charo, na majina yanazunguka tu. Kwa hivyo fuateni hatua hizi:

1. Anza na wazee. Waulize mbari yenu, na nani alizaliwa kabla au baada ya vita vyetu na Waingereza vya mwaka 1914.

2. Tazama karatasi za nyumbani: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vya kifo. Kila jina liandikie mwaka wake. Mwaka ndio utakaomtenga babu na mjukuu.

3. Nyaraka za Taifa, Nairobi, zina faili za wakati wa ukoloni. Mtandaoni, FamilySearch haitozi pesa, lakini mengi yaliyomo ni ya Ulaya na Marekani. Habari zetu ziko vichwani mwa wazee.

Jambo hili si mchezo. Kwetu shamba lingali kwa jina la marehemu babu. Ili kurithi, korti hutaka cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Msiwaache shangazi, maana sheria ya urithi haimbagui binti.

Haya, shikeni kalamu wazee wangalipo. Mali bila daftari huisha bila habari.