Kutoka Chuo hadi Kitabu: Msamiati wa Vitabu na Tatizo la Bibliografia katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza msamiati unaohusu vitabu, ukusanyaji wake na uorodheshaji wake katika Kiswahili. Mara nyingi hudaiwa kwamba lugha yetu haina istilahi za kutosha katika uwanja huu. Hoja tunayoitetea hapa ni kwamba maneno tunayo, tena ya kale. Kinachokosekana ni mipaka iliyokubaliwa baina ya neno na neno. Tutaanza na historia ya maneno yenyewe, kisha mofolojia yake, na hatimaye athari zake kwa mtafiti.

2.0 Tabaka la 'Chuo'

Kabla ya 'kitabu' kutawala, Waswahili walikuwa na neno 'chuo' (wingi 'vyuo') kwa maana hiyo hiyo. Madan (1903) aliorodhesha maana mbili za neno hili: kitabu, na mahali pa kufundishia. Maana ya pili ilizaliwa na ya kwanza. Mtoto aliyetiwa chuoni alipelekwa mahali ambapo chuo, yaani kitabu, kilisomwa. Baadaye maana ya taasisi ilipanuka hadi tukapata 'chuo kikuu', huku ile ya awali ikififia katika Kiswahili sanifu. Mabaki yake yangali yanaonekana katika neno 'mwanachuoni'.

Jambo hili lina uzito wa kibibliografia. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na mwaka 1728 na mtunzi Mwengo wa Athumani wa Pate, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Mworodheshaji asiyejua maana ya kale ya 'chuo' anaweza kudhani kwamba jina hilo linataja taasisi, au kwamba ni kazi mbili tofauti.

3.0 Mikopo ya Kiarabu katika Sarufi ya Kibantu

Sehemu kubwa ya msamiati wa vitabu ilitoka katika Kiarabu, lakini haikubaki kama ilivyokuja. Tuchukue mifano minne.

(a) Kitabu. Katika Kiarabu, konsonanti k-t-b ni za mzizi. Kiswahili kiliichukua silabi ya kwanza kuwa ni kiambishi cha ngeli, hivyo tukapata 'vitabu'. Ushahidi ulio wazi zaidi ni neno 'kijitabu': kiambishi cha udogo kimeingia baada ya ki-, na kinachobaki ni shina -tabu. Wakati huo huo, mzizi wa asili umehifadhiwa mzima katika 'katibu', 'maktaba', 'mkataba' na 'mkutubi'. Kwa hiyo msemaji wa kawaida haoni tena udugu wa 'kitabu' na 'maktaba' kwa njia ya sarufi. Anauona kwa maana tu.

(b) Msahafu. Silabi ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi m-, na wingi ukawa 'misahafu'.

(c) Waraka. Sauti w, ambayo katika Kiarabu ni ya mzizi, ilihesabiwa kuwa ni u- iliyo mbele ya irabu. Kwa hiyo 'nyaraka', kama ilivyo 'wakati' na 'nyakati'.

(d) Ukurasa. Hapa mchakato ulikwenda kinyume. Neno la Kiarabu lilitaja karatasi zilizokunjwa pamoja, au daftari. Kiswahili kililifanya 'kurasa' kuwa wingi, kikaunda umoja kwa kuongeza u-. Maana nayo ilipungua kutoka fungu la karatasi hadi upande mmoja wa karatasi.

4.0 Mipaka Isiyochorwa

Kazi ya kuorodhesha maandishi ya Kiswahili si ngeni. Van Spaandonck (1965) alitoa bibliografia ya isimu ya Kiswahili ya miaka 1850 hadi 1963, na Allen (1970) akatoa katalogi ya miswada na kanda zilizokuwamo katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Kazi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Anayetaka kufanya kazi kama hizo kwa Kiswahili hukutana na matatizo yafuatayo.

Kwanza, 'toleo' na 'chapa' hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Iwapo mchapishaji ameandika 'chapa ya pili', msomaji hajui kama matini yamerekebishwa au yamepigwa chapa upya bila mabadiliko. Kwa mhakiki anayelinganisha matini, tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi yake.

Pili, 'mswada' kwa asili ni rasimu. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu weusi, yaani wino uliotiwa kwenye karatasi. Sisi huutumia kwa rasimu, kwa nakala safi iliyorithiwa vizazi kadhaa, na hata kwa sheria inayopendekezwa bungeni.

Tatu, 'nakala' hutaja kitabu kimoja kati ya elfu vilivyochapwa pamoja, na pia utendi ulionakiliwa kwa mkono, ambao kila nakala yake huweza kuwa na beti zake.

Nne, wanafunzi wengi hutumia 'marejeo' na 'bibliografia' bila kutofautisha kazi zilizotajwa katika utafiti na orodha kamili ya maandishi ya uwanja fulani.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza kwamba 'toleo' litumike pale tu matini yanapobadilika, na 'chapa' kwa kila upigaji chapa. 'Mswada' ubaki kwa rasimu ya mwandishi, na maandishi yaliyonakiliwa na wengine yaitwe 'nakala ya mkono'. 'Marejeo' yawe ya kazi zilizotajwa, na 'bibliografia' iwe ya uwanja. Hakuna neno jipya katika mapendekezo haya.

Haja ni ya haraka. Nakala nyingi za mkono zimo majumbani, mikononi mwa warithi, na karatasi huliwa na mchwa na unyevu. Kiswahili husema 'kuhifadhi' kwa maana ya kutunza kitu na kwa maana ya kukitia moyoni. Waliohifadhi tendi kwa moyo wanapungua. Kilichobaki ni karatasi, nayo haiwezi kutunzwa ipasavyo na mtu asiyeweza kusema kwa usahihi ni karatasi ya namna gani.