Kabla ya Kumkabidhi Mzee: Namna ya Kupima Makazi ya Wazee

Ifikapo Oktoba, korosho zikianza kudondoka, kaya nyingi za Madimba, Ziwani na Mahurunga huhamia mashambani, na huko Msimbati vijana wengine huwa wamekwenda dago. Nyumbani hubaki mzee mmoja, pengine asiyeweza kufika chooni bila kushikwa mkono, pamoja na mjukuu ambaye naye asubuhi huenda shule. Ndipo linapozuka katika vikao vya ukoo swali ambalo zamani halikusikika: je, si afadhali mzee apelekwe kwenye makazi ya wazee? Anayeliuliza asihesabiwe kuwa mtoto asiye na shukrani. Hata hivyo, kabla ya kulijibu, ni lazima mtu aende akaone kwa macho yake.

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja. Makazi yanayoendeshwa na Serikali yalikusudiwa wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Baadhi ya makazi ya namna hiyo hapa nchini yalianza kama vituo vya wagonjwa wa ukoma, na pengine ndiyo sababu watu wengine wangali wakiyaita kambi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyomtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, iliiacha familia iwe nguzo ya matunzo, na makazi yawe kimbilio la mwisho. Kwa hiyo mwenye watoto wanne wenye nguvu asitarajie kupokelewa huko kwa sababu tu watoto wana shughuli nyingi. Wengi wetu tunabakiwa na makao ya mashirika ya dini au ya watu binafsi, ambayo kwa kawaida yako mbali na pwani yetu, au kumwajiri mtu wa kumtunza mzee nyumbani. Maswali ya kuyapima hayo yote ni yale yale.

Mwandishi wa makala haya alijifunza somo hili kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita ukoo wetu ulimpeleka mama yangu mkubwa katika makao ya mtu binafsi nje ya mkoa huu. Tulikwenda kuyakagua siku ya Jumapili, tena baada ya kupiga simu. Tukakuta mashuka meupe, wazee wameketi barazani wamevaa nguo safi, na chai imeandaliwa kwa ajili yetu. Tulirudi tumeridhika. Miezi mitatu baadaye nilikwenda kumwona, basi likaharibika njiani, nikafika saa mbili usiku badala ya saa nane mchana. Nyumba nzima ilikuwa na mhudumu mmoja, naye alikuwa jikoni. Mama mkubwa alikuwa amelala kwenye shuka lililolowa, na kikombe chake cha maji kilikuwa juu ya meza ambayo mkono wake haukuifikia. Laiti basi lile lingeharibika siku ya ukaguzi wetu wa kwanza!

Basi, mahali pa kumlaza mzee pachunguzwe usiku. Nendeni mara mbili, na mara moja iwe bila taarifa, wakati wa chakula cha jioni au baada yake. Hesabuni wahudumu walio zamu na wazee wasioweza kuinuka wenyewe. Ulizeni ni nani huamka saa tisa usiku mzee akihitaji kwenda haja, na huyo mtu analala chumba gani. Tazameni kama maji ya kunywa yako karibu na kila kitanda, kwa maana wazee wengi hawahisi kiu upesi, na katika joto la pwani mzee anaweza kuishiwa maji mwilini bila kulalamika.

Kisha ombeni ruhusa ya kuongea na mzee mmoja asiyeondoka kitandani, na kwa heshima mwulize kama ana vidonda. Mtu alalaye ubavu mmoja kwa muda mrefu huchubuka makalioni, nyongani na visiginoni. Hivyo ni vidonda vya mgandamizo, navyo vikishaingia ndani huwa hatari kwa maisha. Kinga yake haihitaji dawa ya bei kubwa: mgonjwa ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili, ngozi iwe kavu, na chakula kiwe cha kutosha. Mahali ambapo wazee wengi wana vidonda hivyo, wahudumu hawatoshi au hawajali, hata kama kuta zimepakwa rangi mpya.

Dawa nazo zina daftari lake. Mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari hutakiwa kumeza dawa kwa saa maalumu kila siku, na anayempa anapaswa kuandika. Ombeni kuliona daftari hilo. Kurasa zilizojazwa kwa wino mmoja na mwandiko mmoja kwa mwezi mzima mara nyingi zimejazwa siku moja. Ulizeni pia zahanati iliyo karibu ni ipi, usafiri wa usiku ni upi, na nani atawapigieni simu. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo katika vituo vya umma, hivyo kitambulisho chake kisiachwe sandukuni nyumbani.

Choo kikaguliwe kwa miguu: tembeeni kutoka kitandani hadi chooni, mkiangalia ngazi, sakafu yenye utelezi na mahali pa kushika.

Yako mambo ambayo hayaonekani katika ukaguzi wa majengo. Bibi aliyeishi miaka themanini akizungumza Kimakonde, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, ataumwa na nani katika nyumba ile atamwelewa? Ataogeshwa na mwanamke mwenzake? Kama ni Mwislamu, nani atamsaidia kutawadha, na mwezi wa Ramadhani utakuwaje? Kama hana meno, ugali wake unalainishwaje? Baadhi ya wazee huacha kula wafikapo ugenini, na watu husema ni uzee kumbe ni chakula.

Halafu kuna fedha. Mzee wa huku mara nyingi ana mikorosho, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007 malipo ya korosho hupita kwenye chama cha msingi, na siku hizi huingia katika akaunti ya benki ya mkulima. Ni nani atakayeokota korosho zake, na kadi ya benki itashikwa na nani? Hayo yaandikwe kikaoni, mbele ya mashahidi, kabla ya safari. Mkataba na makao au na mhudumu wa nyumbani nao uwe wa maandishi: ada ni kiasi gani, inahusisha nini, na mzee akifariki mwili utasafirishwa na nani kwenda kuzikwa wapi. Makao yakidai hati ya shamba au nyumba kama dhamana, ondokeni. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni cheti cha usajili, kisha mwulizeni Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri kama makao hayo yanatambuliwa.

Katika koo zetu za Kimakonde na Kimakua neno la mjomba lina uzito, na ni sawa lisikilizwe. Lakini nimehudhuria vikao ambavyo mjomba, watoto na wakwe wote walisema, na mzee mwenyewe akiwa chumba cha pili akisikia kila neno. Mwiteni. Mama yangu mkubwa, tulipomrudisha nyumbani, alituambia kwamba hakuwahi kuulizwa. Alisema yeye angechagua binti wa jirani alipwe amlinde miezi ya korosho tu. Ndivyo tulivyofanya msimu uliofuata, kwa mkataba wa ukurasa mmoja uliowekwa sahihi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na kikombe cha maji kikawekwa juu ya kigoda kando ya kitanda chake.

Anayehitaji ushauri wa namna hii, au anayemfahamu mzee aliyeachwa peke yake, aanzie kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ambaye atampeleka kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Aende sasa, kabla familia hazijahamia mashambani.