Aliyepata kiharusi atatiwaje moyo afanye mazoezi?

Huenda kijijini kwako yupo mtu aliyepata kiharusi. Upande mmoja wa mwili wake umelegea. Hospitali walimwambia afanye mazoezi kila siku. Lakini hafanyi. Anakaa kitini toka asubuhi mpaka jioni.

Baadhi ya jamaa husema, "Huyu ni mvivu." Wengine husema, "Mwacheni apumzike." Maneno yote mawili yanamdhuru.

Kiharusi hutokea damu isipofika sehemu ya ubongo, au mshipa wa damu ukipasuka ndani yake. Ubongo unaweza kujifunza tena baadhi ya kazi zake. Hujifunza kwa kurudia rudia, kama wewe ulivyojifunza kuandika herufi. Kiungo kisichotumiwa hukakamaa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anajua kwamba amri haisaidii. Kwanza humwuliza mgonjwa, "Mzee, unataka uweze kufanya nini tena?" Mmoja atataka kwenda msikitini kwa miguu yake. Mwingine atataka kushika kijiko. Zoezi huanzia hapo. Yule wa msikitini atasimama kutoka kitini na kukaa tena, mara tano. Kazi hii yaonekana ndogo. Sivyo. Asiyeweza kusimama atatembeaje?

Nawe fanya hivyo nyumbani. Kila siku anapofanya zoezi, chora alama ya mkaa ukutani aione mwenyewe. Akizoea mara tano, ongezeni kidogo. Sifu jambo alilofanya kweli. Mwambie, "Mama, jana ulishika ukuta. Leo hukushika." Hayo yana nguvu kuliko kumwambia "jitahidi" kila saa. Siku akikosa, usimgombeze. Anzeni tena kesho yake. Wengi waliopata kiharusi hupatwa na huzuni kubwa, na huzuni hiyo si uvivu. Ikizidi, mwelezeni daktari.

Tena, usimfungie vifungo anavyoweza kufunga mwenyewe. Hapa ndipo jamaa wengi hukosea, kwa sababu ya upendo. Mpe muda. Chai ikipoa, ipoe.

Anaposimama, kaa karibu naye, upande uliolegea, asije akaanguka. Kiti kiwe imara, kiegemee ukuta. Usimvute kwa mkono uliolegea, maana bega laweza kuteguka. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mara moja, na apelekwe kwa mganga. Mdomo ukipinda ghafla, au mkono ukilegea ghafla, au maneno yakimvurugika, mpelekeni hospitali saa ile ile. Dawa za shinikizo la damu alizopewa aendelee kuzitumia. Mazoezi hayachukui nafasi yake.

Jadilini darasani: Katika kijiji chetu nani amepata kiharusi? Ni kazi gani tunamfanyia ambayo angeweza kuifanya mwenyewe?