Paka wa kisukari anapong'olewa meno

Swali: Paka wangu namchoma insulini asubuhi na jioni. Daktari wa mifugo atamng'oa meno mawili. Siku hiyo nimchome? (Msomaji, Ilembo, Mpanda)

Jibu: Mchome, ila si dozi nzima. Asubuhi hiyo kwa kawaida hupewa nusu, baada ya daktari kupima sukari. Ikiwa chini, huenda asichomwe kabisa. Omba ahudumiwe wa kwanza, asishinde na njaa.

Ninachokihofia zaidi ni jioni: ufizi unamuuma, hataki kula, nawe umeshika bomba la sindano kwa mazoea. Mpe kwanza samaki aliyepondwa. Asipokula, mpigie daktari kabla ya kuchoma. Akilegea au kutetemeka, mpake asali ndani ya shavu, umkimbize kwa daktari.

Meno mabovu hupandisha sukari. Yakishatoka, dozi ya zamani yaweza kumzidi, mrudishe akapimwe.