MITI YA KANDO YA BARABARA: TUCHAGUE KABLA YA KUKATA

Mitaa mingi ya Dar es Salaam imepata majina yake kutokana na miti. Kinondoni ipo Mkwajuni, na ipo Mikocheni palipokuwa na mikoche; Magomeni ipo Mwembechai; na Temeke vipo viwanja vya Mwembeyanga. Majina hayo yanatukumbusha kuwa wazee wetu waliujua mtaa kwa kivuli chake.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza watumishi wa umma na wakaazi wa vitongoji jambo moja: mti mbadala huchaguliwa kabla shoka halijainuliwa, tena huchaguliwa kwa kutazama mahali utakapoota, si kwa kuvutiwa na uzuri wa mche kitaluni.

Uzito wa jambo hili

Mti mkubwa wa kivuli hukatwa kwa siku moja, lakini mti wa kushika nafasi yake huhitaji miaka mingi kufikia kimo hicho. Katika kipindi chote hicho mama lishe, dereva wa bodaboda, mwanafunzi na mzee anayesubiri basi hubaki juani. Kosa la kuchagua mti usiofaa nalo halionekani mapema. Huonekana baada ya miaka kumi, mizizi inapoinua njia ya waendao kwa miguu au matawi yanapofikia nyaya za umeme. Hapo mti hukatwa tena, na mtaa huanza upya.

Mti upi uondolewe

Si kila mti mkongwe ni mti mbaya. Mti uondolewe iwapo shina lake limeoza, iwapo umeinama na mizizi yake imeanza kung'oka ardhini, au iwapo umekwisha kufa. Majani kuanguka uani au kuziba mtaro si sababu ya kutosha. Dawa yake ni ufagio. Matawi yanayosumbua yapunguzwe na mtu mwenye ujuzi. Desturi ya kukata kilele chote cha mti iachwe, kwani machipukizi yanayoota baadaye hushikilia shina kwa udhaifu, nayo ndiyo huvunjika upepo unapovuma.

Aidha, mwananchi atambue kuwa mti ulio katika hifadhi ya barabara si mali yake binafsi, hata kama uko mbele ya mlango wake. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, na zile za mijini na vijijini husimamiwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kwa hiyo anayetaka kukata au kupanda afike kwanza ofisi ya Serikali ya Mtaa ili aelekezwe panapohusika. Mti unaopandwa bila kuuliza waweza kuondolewa barabara itakapopanuliwa.

Kuchagua mti kwa mahali

Mwashoki, ambao asili yake ni India na Sri Lanka, hupendwa kwa sababu husimama wima na hautaki nafasi kubwa. Unafaa mahali pembamba, lakini asiyejua asidanganyike: kivuli chake ni haba.

Mwarobaini huvumilia ukame na udongo wa kichanga, nao hubaki na majani wakati wa kiangazi. Unafaa barabara pana, mbali na mabomba ya maji. Miche inayojiotea ovyo ing'olewe mapema.

Mkungu hutandaza matawi yake kwa tabaka na kutoa kivuli kipana. Chumvi na upepo wa bahari hauudhuru. Hata hivyo hupukutisha majani makubwa, hivyo usipandwe juu ya mtaro wa maji ya mvua.

Mkrismasi, uliotoka Madagaska, hupendeza mno unapochanua maua mekundu. Mizizi yake hutambaa juu juu na matawi yake ni mepesi kuvunjika. Upandwe uwanjani, usipandwe penye sakafu ya saruji wala karibu na ukuta.

Mkwaju na mtondoo hukua polepole, lakini ni miti imara yenye maisha marefu na kivuli kizuri. Penye nafasi ya kutosha, hiyo ndiyo ya kurithisha wajukuu. Mwembe nao una kivuli kizito, ila matunda yake huvuta mawe ya watoto. Uwekwe viwanjani na mashuleni, si penye magari.

Chini ya nyaya za umeme usipandwe mti wowote mrefu. Vilevile mtaa mzima usipandwe aina moja, kwani ugonjwa au wadudu wakiingia huweza kuimaliza yote.

Kupanda na kutunza

Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60, na udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Kiriba kiondolewe kabla ya kupanda. Wakati mwema ni mwanzo wa masika, mwezi Machi. Mche wa vuli usisahauliwe katika jua kali la Januari na Februari. Umwagiliwe maji walau mara mbili kwa wiki. Uzungushiwe tenga au uzio dhidi ya mbuzi, na kila mche uwe na nyumba moja iliyokubali kuulea. Matawi ya chini yapunguzwe mti ukiwa mdogo. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Huko Unguja, kando ya barabara ipitayo Bungi, ilisimama safu ya miembe ambayo upandaji wake unahusishwa na Bi Khole, binti wa Sayyid Said aliyefariki mwaka 1856. Mwenye kupanda hayupo, lakini wapita njia waliendelea kupumzika chini ya miembe hiyo. Nasi tuchague leo kwa kuwafikiria watakaopita baada yetu, ili mitaa yetu isibaki na majina ya miti isiyokuwepo.