Kina na Maana: Namna ya Kutafuta Vina Katika Utunzi

Kina ni silabi inayofanana na nyingine mahali maalumu katika mishororo ya ubeti. Katika tarbia, vina hutokea mwishoni mwa ukwapi na mwishoni mwa utao. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliutilia mkazo utaratibu huu katika kitabu chake cha kanuni za utunzi kilichotoka mwaka 1954. Hata hivyo, mtunzi chipukizi aghalabu hukipata kina na kuipoteza maana.

Uchukuliwe mfano wa mshororo huu kuhusu mkulima wakati wa ukame:

Kila usiku aota, mawingu yaleta mvua

Neno "mvua" huishia kwa silabi ya irabu pekee. Kwa kuwa irabu moja ni mwangwi hafifu, mtunzi makini huishika pia irabu inayotangulia, akatafuta maneno yenye "-ua". Kamusi haimfai sana hapa, kwani hupanga maneno kwa herufi za mwanzo. Yambidi aunde orodha yake: jua, ua, pua, hatua, tambua, chukua. Akiandika "Akiamka hukuta, bustanini pana ua", mizani na vina vimetimia, lakini ukame umetoweka. Akiandika "Akiamka hukuta, kumewaka tena jua", kina kimekuwa sehemu ya masaibu ya mkulima: ndoto yaishia kwa mvua, kucha kwaishia kwa jua.

Njia ya pili ni visawe. Mahali pa kuishi paweza kuitwa nyumba, makazi au maskani. Dhana moja ikazaa vina vitatu: "-mba", "-zi" na "-ni". Njia ya tatu ni kupangua mpangilio wa maneno ili neno linalofaa lije mwishoni, mradi msomaji asipotee.

Njia ya nne ni mnyambuliko. Kupendana, kugombana na kusaidiana huleta "-na" bila jasho. Wepesi huo ndio mtego wake, kwa sababu kinachojirudia ni kiambishi cha sarufi, wala si mkutano wa dhana mbili zilizokuwa mbalimbali. Ubeti mzima wa vina vya namna hiyo huchosha sikio. Katika utenzi, ambamo kina cha kipande cha mwisho hudumu toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, silabi yenye maneno mengi ni ya lazima. Hapo mnyambuliko una udhuru.

Euphrase Kezilahabi alionyesha katika Kichomi (1974) kwamba shairi laweza kusimama bila vina. Kwa hiyo, anayechagua kutumia vina hana budi kuvifanyia kazi. Kipimo ni kimoja, kwa shairi na kwa wimbo: neno la mwisho liondolewe, litiwe jingine lenye kina kile kile. Ikiwa maana haikutikisika, neno lile halikuwa na kazi pale. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Navyo vina, marejeo yake ni maana.