Kusoma Jiwe kwa Maandishi: Falaki ya Wamaya na Ujenzi wa Mahekalu Yao

Utangulizi

Mnamo tarehe 12 Julai mwaka wa 1562, katika mji wa Maní ulioko rasi ya Yucatán, mtawa Mhispania aliyeitwa Diego de Landa aliamuru sanamu na vitabu vya Wamaya vichomwe moto hadharani. Landa mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba vitabu hivyo, kwa maoni yake, vilijaa ushirikina na uongo wa shetani, na kwamba wenyeji walisikitika mno kuviona vikiteketea. Leo hii vitabu vya kale vya Wamaya vinavyojulikana ulimwenguni ni vinne tu: kile cha Dresden, cha Madrid, cha Paris, na cha nne kilichoko Mexico, ambacho uhalisi wake ulibishaniwa kwa miongo kadhaa hadi ulipothibitishwa rasmi mwaka wa 2018. Mawe hayakuungua. Mahekalu yalibaki yamesimama msituni, na kwa muda mrefu wageni waliyatazama kama mtu anavyotazama jalada la kitabu ambacho kurasa zake zimenyofolewa.

Makala hii inachunguza namna elimu ya anga ya Wamaya ilivyoathiri ujenzi wa mahali pao patakatifu. Hoja yake ni kwamba jengo, hata likielekezwa angani kwa usahihi wa kustaajabisha, halijisemei. Husomeka vyema pale ambapo maandishi yapo ya kulitegemeza. Pale ambapo maandishi hayapo, msomaji huwa katika hatari ya kulisomea jengo mambo yake mwenyewe.

Falaki au unajimu?

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Kiswahili cha leo kinajaribu kutenganisha falaki, kwa maana ya sayansi ya anga, na unajimu, kwa maana ya kubashiri kwa kutumia nyota. Hata hivyo, usemi wa "kupiga falaki" unaonyesha kwamba katika lugha yenyewe mpaka huo haukuwa mkali kiasi hicho. Anayepiga falaki hapimi sayari bali huagua. Wamaya nao hawakuuchora mpaka huo. Kuhani aliyehesabu siku aliitwa aj k'in, na neno k'in lina maana ya jua na siku kwa pamoja, kama lilivyo neno chieng' katika Dholuo. Mtu huyo alikuwa mwanahesabu, mwangalizi wa anga na mwaguzi kwa wakati mmoja. Kumwita mwanasayansi pekee ni kumpunguzia, na kumwita mchawi, kama alivyofanya Landa, ni kumpunguzia zaidi.

Kalenda zao zilikuwa kadhaa na zilikwenda sambamba. Ya kwanza ilikuwa na siku 260, zilizopatikana kwa kuoanisha nambari 13 na majina 20 ya siku. Ya pili ilikuwa na siku 365: miezi 18 ya siku 20 kila mmoja, na siku tano za ziada zilizohofiwa kuwa za nuksi. Kalenda hizi mbili zilirudi kukutana mahali zilipoanzia kila baada ya siku 18,980, yaani miaka 52. Juu ya hizo kulikuwa na hesabu ndefu iliyohesabu siku moja baada ya nyingine kuanzia tarehe ambayo wataalamu wengi huilinganisha na mwezi wa Agosti mwaka wa 3114 kabla ya Kristo.

Kitabu cha Dresden ndicho kinachoonyesha hesabu hizi zilifikishwa wapi. Kitabu hicho kilinunuliwa huko Vienna mwaka wa 1739 kwa ajili ya maktaba ya mjini Dresden, na mwishoni mwa karne ya 19 mkutubi Ernst Förstemann akafaulu kulifumbua jedwali lake la sayari ya Zuhura. Zuhura huonekana alfajiri kwa kipindi fulani, hupotea, huonekana tena jioni, hupotea kwa siku chache, kisha hurudi alfajiri. Mzunguko huo wote huchukua wastani wa siku 583.92. Jedwali la Dresden linaupa siku 584, na kuugawa katika vipindi vinne: siku 236 za alfajiri, siku 90 za kutoonekana, siku 250 za jioni, na siku 8 za kutoonekana tena. Mizunguko mitano ya Zuhura ni siku 2,920, ambazo ni sawa kabisa na miaka minane ya siku 365. Aidha, mizunguko 65 ni siku 37,960, ambazo ni sawa na miaka 104 na vilevile sawa na kalenda 146 za siku 260. Kwa muda huo, kosa la sehemu ndogo ya siku katika kila mzunguko hukua na kuwa zaidi ya siku tano, na jedwali lenyewe lina marekebisho ya kulifidia. Kitabu hichohicho kina jedwali la kutahadharisha kuhusu kupatwa kwa jua, lenye siku 11,960 kwa miandamo 405 ya mwezi. Kwa muda huo wa zaidi ya miaka 32, hesabu hiyo inakosea kwa takriban saa tatu tu. Haya yote yalifanywa kwa macho matupu, na kwa subira ya vizazi.

Ikumbukwe kwamba jedwali la Zuhura halikuandikwa ili kumfurahisha msomaji wa hesabu. Kando ya nambari kuna picha za miungu wakirusha mikuki, na chini yao wahasiriwa waliochomwa. Kuchomoza upya kwa Zuhura alfajiri kulikuwa jambo la kuogofya, na kuhani alihitaji kujua mapema ni siku gani.

Majengo yanayotazama mawio

Mwaka wa 1924, mwanaakiolojia Frans Blom alitambua jambo la kipekee katika magofu ya Uaxactun, kaskazini mwa Guatemala. Upande wa magharibi wa uwanja kuna piramidi, na upande wa mashariki kuna jukwaa refu lenye mahekalu matatu madogo yaliyopangwa kutoka kaskazini hadi kusini. Mtu akisimama kwenye piramidi, huliona jua likichomoza nyuma ya hekalu la kaskazini mwezi wa Juni, linapofika kikomo chake cha kaskazini. Nyuma ya hekalu la kusini mwezi wa Desemba, linapofika kikomo cha kusini. Na nyuma ya lile la kati katika siku ambazo usiku na mchana hulingana. Ugunduzi huo ulisifiwa sana, na kwa miaka mingi kila mpangilio wa aina hiyo uliitwa "kituo cha kutazamia jua".

Tatizo ni kwamba mipangilio kama hiyo ilipoendelea kugunduliwa, ikapita mia moja, mingi yake haikulingana na mistari ya Uaxactun. Baadhi ya wataalamu walianza kushuku kwamba huenda palikuwa mahali pa ibada tu, pasipo falaki yoyote. Jibu lilipatikana kwa kubadilisha swali. Badala ya kuuliza iwapo majengo yanaelekea siku nne ambazo mnajimu wa Ulaya angezitarajia, watafiti waliuliza yanaelekea siku zipi hasa, na kati ya siku hizo kuna umbali gani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023 na Ivan Šprajc, Takeshi Inomata na Anthony Aveni ulipima mielekeo ya maeneo 415 ya ibada kusini mwa Mexico na katika nchi ya Wamaya, yaliyojengwa kati ya mwaka wa 1100 kabla ya Kristo na mwaka wa 250 baada ya Kristo. Mengi kati yao yalielekea mawio ya jua, na mwelekeo uliojitokeza zaidi ulikuwa wa karibu na tarehe 11 Februari na 29 Oktoba. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 260.

Umuhimu wa matokeo haya ni mkubwa. Ushahidi wa kimaandishi wa kalenda ya siku 260 miongoni mwa Wamaya ulio wa kale zaidi ni kipande cha ukuta kutoka San Bartolo, chenye tarehe "7 Kulungu", kilichochorwa kati ya mwaka wa 300 na 200 kabla ya Kristo. Majengo kama jukwaa la Aguada Fénix huko Tabasco, lenye urefu wa takriban mita 1,400, yanatangulia kipande hicho kwa karne kadhaa. Hivi ni kusema kwamba kalenda ilijengwa kwa udongo na mawe kabla ya maandishi yake ya kale zaidi tuliyo nayo. Lakini ni nani angeitambua nambari 260 katika udongo huo, lau haingekuwa imejulikana tayari kutoka katika vitabu vilivyonusurika na katika vinywa vya Wamaya waliopo?

Jumba la Uxmal

Mahali ambapo jiwe na andiko vinashikana mikono kwa uwazi zaidi ni katika mji wa Uxmal, Yucatán. Humo mna jengo ambalo Wahispania waliliita Jumba la Gavana, lenye urefu wa takriban mita mia moja, lililojengwa karibu na mwanzo wa karne ya 10. Jumba hilo limegeuzwa kwa takriban digrii 20 kutoka mwelekeo wa majengo mengine ya mji, kana kwamba mjenzi aliupuuza mpango wa mji wote kwa makusudi. Mstari unaotoka katika mlango wake wa kati hupita juu ya uwanda ulio tambarare na kufikia kilima cha piramidi ya Cehtzuc, kilomita chache kutoka hapo. Mstari huo unahusiana na vikomo vya Zuhura, yaani sehemu za mwisho ambazo sayari hiyo hufikia kwenye upeo wa macho, na ambazo hujirudia kila baada ya miaka minane.

Mstari una ncha mbili, na hapa ndipo ubishi ulipo. Aveni alisimama mlangoni mwa jumba, akatazama kusini mashariki, na kuona Zuhura ya alfajiri ikichomoza inapofika kikomo chake cha kusini. Šprajc aliugeuza mtazamo: ukisimama Cehtzuc na kutazama jumba, utaiona Zuhura ya jioni ikitua nyuma yake inapofika kikomo cha kaskazini, jambo linalotukia Aprili au Mei, mvua zinapokaribia. Jiwe pekee haliwezi kuamua kati ya wawili hawa. Lakini ukuta wa jumba una vinyago vingi vya Chaak, mungu wa mvua, na chini ya macho ya vinyago hivyo pamechongwa alama ya Zuhura. Katika baadhi ya vinyago vya pembeni kuna nambari nane, iliyoandikwa kwa mstari mmoja na nukta tatu. Mvua, Zuhura na nane vipo katika ukuta mmoja. Kwa kuzingatia ushahidi huu, mtazamo wa Šprajc una uzito zaidi, ingawa wa Aveni haujaporomoka.

Nyoka wa kivuli

Chichén Itzá ndipo mahali panapojulikana zaidi na watalii, na pengine ndipo panaposomwa vibaya zaidi. Piramidi ya Kukulkan ina ngazi nne, na kila moja ina vidato 91. Jumla ni 364, na kidato cha juu hukamilisha 365. Aliyeacha kumbukumbu ya mapema ya idadi hiyo ya 91 ni Landa yuleyule aliyechoma vitabu. Idadi hii inaoana na kalenda kiasi kwamba ni vigumu kuiita bahati.

Habari ya nyoka ni tofauti. Karibu na siku za Machi na Septemba ambazo usiku na mchana hulingana, jua la alasiri huangusha pembetatu za mwanga kwenye ukingo wa ngazi ya kaskazini, nazo huungana na kichwa cha nyoka kilichochongwa chini na kufanana na nyoka anayeteremka. Maelfu ya watu hukusanyika kulitazama tukio hilo. Hata hivyo, umaarufu wake ni wa nusu ya pili ya karne ya 20. Mwanga huo huonekana kwa siku nyingi kabla na baada ya siku yenyewe, kwa hiyo hauwezi kuitambulisha siku moja. Na hakuna andiko la Kimaya linalojulikana ambalo linautaja. Inawezekana mjenzi aliukusudia. Inawezekana pia kwamba watu wa leo wameipatia piramidi sikukuu ambayo haikuwa yake.

Jambo kama hilo lilitokea mwaka wa 2012, pale vyombo vya habari duniani vilipotangaza kwamba kalenda ya Wamaya inatabiri mwisho wa dunia tarehe 21 Desemba. Msingi wa madai hayo ulikuwa kukamilika kwa kipindi cha 13 cha hesabu ndefu, tarehe inayotajwa katika mnara wa kumbukumbu wa Tortuguero, ambako hakusemwi lolote kuhusu kuangamia kwa ulimwengu. Katika mji wa Palenque, ndani ya Hekalu la Maandishi alimozikwa mfalme Pakal, ukuta unataja sherehe itakayofika mwaka wa 4772. Waliosambaza uvumi huo hawakuusoma ukuta huo.

Na kalenda yenyewe haikuungua kule Maní. Katika nyanda za juu za Guatemala, katika miji kama Momostenango, Wak'iche' wangali na wahesabu siku wao, nao huitwa ajq'ij, neno lenye asili moja na aj k'in ya kale. Huzihesabu siku 260 kwa mfululizo, hutoa sadaka katika madhabahu za vilimani, na huwachagulia wazazi siku ya kumtambulisha mtoto. Hawana piramidi ya kuwaonyesha mahali jua linapochomoza. Hesabu wanayo kichwani.